Jinsi Ubongo Unavyoshika Mambo na Kuyaweka



Mtoto wa Kisomali wa Eldas, katika Kaunti ya Wajir, akiulizwa na mzee asiyemjua, "Wewe ni mtoto wa nani?" hajibu kwa jina moja. Hutaja jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake, akaendelea hivyo hata kufikia majina kumi, kumi na matano, na pengine ishirini au zaidi, bila kusita na bila kutazama karatasi. Hesabu hiyo ya nasaba huitwa abtirsi. Aghalabu mtoto hufundishwa na wazazi wake nyumbani, naye huwa anayo moyoni kabla hajashika kalamu. Wala hapakuwa na kitabu cha kuitazamia, maana lugha ya Kisomali haikuwa na maandishi rasmi mpaka mwaka 1972, Serikali ya Somalia ilipochagua herufi za Kirumi.

Waswahili husema mtu amehifadhi jambo moyoni. Msemo ni mzuri, lakini moyo kazi yake ni kusukuma damu. Majina yale yamo kichwani, katika ubongo, na hapo ndipo mabingwa walipoyatafuta kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu ratili tatu, yaani kilo moja na theluthi. Ndani yake zimo chembe za fahamu zipatazo bilioni 86, na kila chembe imeungana na maelfu ya nyingine kwa nyuzi nyembamba mno. Hakuna jina hata moja lililowekwa ndani ya chembe moja kama barua katika bahasha. Jambo linalokumbukwa ni njia iliyopita katika chembe nyingi. Mchungaji ataelewa upesi. Ngamia wakipita mara moja kwenda kisimani, majani huinama kisha huinuka tena, na baada ya siku chache hakuna ajuaye kwamba walipita. Wakipita kila siku, ardhi hukatika ikawa njia, na hata mgeni aweza kuifuata usiku. Vivyo hivyo chembe mbili zikiamshwa pamoja mara nyingi, kiungo kilicho baina yao hupata nguvu, na safari ya pili huwa nyepesi kuliko ya kwanza. Jambo hilo lilionyeshwa wazi katika ubongo wa sungura huko Oslo, katika nchi ya Norway, na Tim Bliss na Terje Lømo, ambao walitangaza habari zake mwaka 1973.

Bingwa mwingine, Eric Kandel wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, hakutafuta mnyama mwenye akili nyingi. Alimchagua konokono wa baharini aitwaye aplisia, ambaye chembe zake za fahamu ni kama 20,000 tu, tena nyingine ni kubwa hata kuonekana kwa macho. Konokono huyo akishtuliwa mara moja, hukumbuka kwa dakika chache. Akishtuliwa mara kadha, kwa kupumzishwa katikati, hukumbuka kwa siku nyingi, na viungo vipya huota baina ya chembe zake. Basi kumbukumbu fupi ni kiungo cha zamani kilichoongezwa nguvu kwa muda. Kumbukumbu ndefu ni mwili uliojengwa upya, na kazi hiyo huhitaji protini mpya. Kwa uchunguzi huo Kandel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000, pamoja na wenzake wawili.

Lakini mtu si konokono, na habari iliyofundisha mengi zaidi juu ya ubongo wa binadamu ilitoka kwa mgonjwa mmoja wa Marekani. Jina lake lilikuwa Henry Molaison, aliyezaliwa mwaka 1926 katika jimbo la Connecticut. Tangu ujana wake alisumbuliwa na kifafa kikali hata hakuweza kufanya kazi. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimpasua kichwa, akaondoa sehemu za ndani za ubongo zilizo kila upande karibu na masikio. Katika sehemu hizo imo hipokampasi, ambayo jina lake ni la yule samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi, kwa kuwa umbo lake linafanana naye.

Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku ile Molaison hakuweza kuweka jambo jipya akilini. Alizungumza vizuri, akawa mpole na mwenye akili ya kutosha, akakumbuka mambo ya utoto wake; ila mtu akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, alimsalimu kama mgeni. Bibi Brenda Milner, bingwa wa elimu ya akili kutoka Montreal, alimchunguza kwa miaka mingi, na Molaison alimwona kila mara kama mtu mpya. Siku moja Milner alimpa kazi ya kufuatisha picha ya nyota kwa kalamu huku akitazama mkono wake katika kioo. Kazi hiyo ni ngumu kwa kila mtu. Molaison aliirudia kwa siku tatu, na kila siku mkono wake ulifanya vizuri zaidi, ingawa yeye mwenyewe hakukumbuka kwamba amewahi kuifanya.

Hapo ikajulikana kwamba kumbukumbu si ya namna moja. Ufundi wa mkono, kama kukamua ngamia, kusuka mkeka wa kuezekea nyumba au kupanda baiskeli, una mahali pake katika ubongo. Habari za watu, siku na maneno huingia kwa mlango mwingine, na mlango huo ni hipokampasi. Tena ikajulikana kwamba hipokampasi hupokea tu, haiweki milele. Maana kama yote yangekaa humo, Molaison angalipoteza hata utoto wake. Mambo yaliyokwisha kukomaa huhamia polepole katika ganda la juu la ubongo. Molaison alifariki mwaka 2008, na ubongo wake ulikatwa vipande vyembamba 2,401 ili mabingwa waendelee kuuchunguza. Wakati wote wa uhai wake vitabu vilimtaja kwa herufi mbili tu, kwa kumhifadhi, na ni kifo chake kilicholitoa jina lake hadharani.

Uhamisho huo wa mambo kutoka mlangoni kwenda ndani hufanyika zaidi mtu anapolala. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba panya aliyezunguka mchana hurudia safari yake usiku: chembe zile zile zilizoamka pamoja alipokuwa akitembea huamka pamoja tena amelala. Kwa hiyo mwanafunzi anayekesha hata alfajiri siku ya kuamkia mtihani amejinyima msaidizi wake mkuu.

Katika duksi, yaani chuo cha Kurani, mwalimu wa Eldas na wa vijiji vyote vya Kaskazini Mashariki hufuata desturi ya zamani. Mtoto huandika aya zake juu ya ubao uitwao loho kwa wino wa makaa. Huzisoma kwa sauti asubuhi na usiku, kisha humsomea mwalimu bila kutazama. Akifaulu, huosha loho na kuandika aya nyingine. Na zile za zamani huzirudia siku baada ya siku. Kwa njia hii wako wanaohifadhi sura zote 114.

Katika mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu cha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza maelfu ya silabi zisizo na maana, akapima kiasi kilichobaki kila baada ya muda. Aliona kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya kujifunza hupotea katika saa moja ya kwanza, na baada ya siku moja hubaki kama theluthi. Kisha upotevu huenda polepole, hata baada ya mwezi hubaki kama sehemu moja katika tano. Aliona pia kwamba kurudia mara 38 kwa kugawanya katika siku tatu kulimfaa sawasawa na kurudia mara 68 kwa siku moja. Mwalimu wa duksi anayempa mtoto aya chache kila siku, na kumrudisha nyuma kila siku, hakusoma kitabu cha Ebbinghaus, lakini amefika pale pale.

Hata kule kuosha loho kuna faida yake. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walijaribu wanafunzi wa Marekani kwa makundi. Wengine walisoma habari fulani na kuisoma tena; wengine waliisoma, kisha wakafunga karatasi na kujaribu kuitoa kichwani. Baada ya dakika tano wale waliosoma mara mbili walishinda. Baada ya juma moja mambo yaligeuka, wakashinda wale waliojitahidi kukumbuka. Ubao uliooshwa hauna la kutazamwa, na mtoto hana budi kutafuta ndani yake mwenyewe.

Lakini Ebbinghaus alionyesha jambo la pili ambalo walimu wengi hulipuuza. Alipojifunza mashairi yenye maana kwake badala ya silabi tupu, kazi ilipungua hata kuwa kama sehemu moja katika kumi. Mtoto wa Eldas anayezungumza Kisomali nyumbani hufundishwa Kurani kwa Kiarabu, na shuleni hukutana na Kiswahili na Kiingereza, zote tatu zikiwa ngeni. Akikariri neno asilolielewa, hubeba mzigo mara kumi. Mwalimu akimweleza maana kwa lugha ya mama yake, hata kwa maneno mawili matatu, amempunguzia mzigo huo. Haifai kumpiga fimbo mtoto kwa sababu hakushika kile ambacho hakuna aliyemfafanulia.

Washairi wa Kisomali walilijua jambo hili la kusaidia ubongo kwa muda mrefu. Shairi la Kiswahili hushikwa kwa vina mwishoni mwa mistari. Shairi la Kisomali liitwalo gabay hushikwa kwa sauti moja inayoanza neno katika kila mstari, toka mwanzo hata mwisho. Kama ni sauti ya D, basi ni D, hata mistari ikifika mia. Msomaji aliyehifadhi shairi la mwingine yampasa kumtaja mtungaji wake na kutobadili maneno. Akisahau neno, sauti humwonyesha lilipo. Akitia neno la uongo, wasikilizaji humkamata papo hapo. Ndivyo mashairi ya Sayyid Muhammad Abdille Hassan, aliyefariki mwaka 1920, yalivyosafiri kinywa kwa kinywa kutoka kambi hata kambi, na mengi yakafika salama kwa watu waliokuja kuyaandika baadaye.

Tena kuna kumbukumbu ya mahali. John O'Keefe, huko London, aligundua mwaka 1971 kwamba katika hipokampasi ya panya zimo chembe zinazoamka panya anapofika mahali fulani tu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway. Katika mji huo huo wa London, Eleanor Maguire alipima vichwa vya madereva wa teksi, ambao hutakiwa kujua njia zipatazo 25,000 kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2000 alitangaza kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Madereva hao wana majina ya njia kwenye kuta. Mchungaji wa Eldas hana kibao chochote, naye hujua kisima kipi kina maji matamu, malisho yapi yana chumvi, na ni wapi mvua ya mwaka fulani ilipoanza.

Sasa yafaa kusemwa juu ya hofu, maana hapo kumbukumbu ina nguvu za pekee na pia udhaifu wake.

Karibu na hipokampasi kipo kijisehemu kiitwacho amigdala. Mtu akiogopa sana, mwili humwaga adrenalini, na amigdala huuambia ubongo kwamba jambo hili lisisahauliwe. Kwa hiyo tukio la hofu lililopita mara moja laweza kukatwa kama njia iliyopitiwa mara elfu. Katika Wajir jambo hili si la vitabuni. Tarehe 10 Februari, 1984, askari wa Serikali walianza kuwakamata wanaume katika Wajir na sehemu za kando, wakawakusanya katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Huko walizuiliwa kwa siku kadha juani bila chakula wala maji, na wengi waliuawa. Hesabu ya waliokufa imebishaniwa tangu wakati huo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Wajir mwaka 2011 kusikiliza mashahidi, ikatoa ripoti yake mwaka 2013. Mashahidi walisimulia mambo ya miaka 27 iliyopita.

Je, ubongo waweza kuaminiwa baada ya miaka 27? Jibu la elimu ya leo ni kwamba kiini cha jambo la hofu hukaa sana, lakini mambo ya pembeni huweza kubadilika. Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha mwaka 1932 kwamba mtu anayesimulia habari haitoi kama ilivyoingia, bali huijenga tena kila mara. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake waliona katika panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulegea kwa muda, na huhitaji kuwekwa tena upya. Katika wakati huo yaweza kuguswa. Maneno ya muulizaji nayo yaweza kuingia humo, kama Elizabeth Loftus alivyoonyesha mwaka 1974: watu walioulizwa kwa neno kali juu ya magari yaliyogongana walidhani mwendo ulikuwa mkubwa zaidi kuliko wale walioulizwa kwa neno laini.

Kwa sababu hiyo mashahidi wawili wakitofautiana juu ya saa, au juu ya rangi ya lori, si haki kusema kwamba wamebuni habari yote. Wala si haki kumwuliza shahidi kwa maneno yaliyokwisha kuwa na jibu ndani yake. Wazee wanaokaa chini ya mti kuamua kesi hufanya vema kumwacha kila mtu aseme peke yake kwanza, kabla hajasikia maneno ya mwenzake.

Ubongo unaoshika mambo huumizwa pia, na watoto ndio walio hatarini zaidi. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 1997, malaria ililipuka katika Wajir mapema mwaka 1998. Huko ni nchi kavu, watu hawakuzoea ugonjwa huo, na miili yao haikuwa na kinga. Malaria ikipanda kichwani, mtoto huweza kupona mwili lakini akabaki na hasara. Mabingwa wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, waliwafuata watoto waliopona malaria ya namna hiyo, wakaona kwamba baadhi yao walibaki nyuma katika kukumbuka na katika kusema. Mtoto mwenye homa na kifafa hana muda wa kungoja kesho.

Njaa nayo ni adui. Ubongo ni sehemu kama hamsini ya uzito wa mwili wa mtu mzima, lakini hula sehemu ya tano ya nguvu zote. Katika mtoto mdogo hula zaidi. Mvua tano mfululizo zilishindwa kutoka mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, Wajir ikiwa katika sehemu zilizoumia sana, na mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika Kenya. Ngamia na mbuzi walipokwenda, maziwa yalikwenda pamoja nao. Mtoto aliyekosa chakula na madini ya chuma katika miaka yake ya kwanza huja darasani na ubongo uliokosa vifaa vya kujengea.

Na mwishoni kuna uzee. Mwaka 1906 daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyepoteza kumbukumbu, ambaye ubongo wake baada ya kufa ulikuwa na takataka na nyuzi zilizosokotana. Ugonjwa huo hushambulia mapema sehemu za hipokampasi. Ndiyo sababu mzee huweza kutaja babu zake wote, na visima vya ujana wake, kisha akauliza mara nne kama amekwisha kunywa chai. Mlango umeharibika, lakini vilivyoingia zamani bado vimo ndani. Hakurogwa, hana laana, wala hafanyi ukaidi.

Mzee wa namna hiyo apelekwe hospitali, kwa kuwa si kila usahaulifu ni ugonjwa wa Alzheimer. Huzuni nyingi, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, na hata dawa fulani huleta hali inayofanana, nayo hutibika. Shinikizo la damu likitibiwa mapema huepusha hasara nyingine. Kwa Alzheimer yenyewe dawa ya kuponya haijapatikana. Ile iitwayo lecanemab, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023, hupunguza kidogo tu mwendo wa ugonjwa kwa wale walio mwanzoni, na bei yake ni kubwa sana. Wakati huo huo kijana mwenye simu aweza kukaa na mzee jioni, asimwulize ya leo asubuhi bali ya zamani, akayarekodi: majina ya visima na nani aliyevichimba, njia ya kuhamia wakati wa kiangazi, nyimbo za kunywesha ngamia, na mwaka gani uliitwa kwa jina gani.